Bati la Kumi na Nne: Kumuaga Mzee Tochi wa Karakana

Ifikapo saa kumi jioni ya tarehe 30 Juni, fundi mkuu wa karakana ya makumbusho yetu ya ndege za kivita atarudisha funguo, atatia saini daftari la zamu kwa mara ya mwisho, kisha ataondoka getini akiwa mstaafu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku kumi na moja kazini. Hesabu hiyo ya siku ni yake mwenyewe. Mimi ningeandika thelathini na minne nikaishia hapo.

Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa vibao vyote vya maelezo mnavyovisoma chini ya pua za ndege, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki hapa aliyekaa naye muda mrefu zaidi. Iliniomba pia uwe mchangamfu. Nitajitahidi. Lakini sitamvika kilemba cha ukoka, maana hakijawahi kumkaa, na kuna jambo moja ambalo nikiliruka karatasi hii haitastahili hata wino wake.

Wengi wenu mnamjua kwa jina la Mzee Tochi. Sisi wachache tunakumbuka kwamba alipoingia hapa aliitwa Kioo. Alikuja ana miaka ishirini na sita, ametoka jeshini alikokuwa fundi wa mabati ya ndege, na mikono yake ilikuwa na kipaji cha kung'arisha. Ukimpa ubavu wa ndege uliofubaa na kuota ule ungaunga mweupe ambao ndio kutu ya alumini, baada ya wiki mbili ungeweza kujinyolea ndevu mbele yake. Mlinzi wa getini alijaribu kweli asubuhi moja, akiwa na povu mashavuni, akakutwa na mkurugenzi. Mlinzi alipewa onyo, na Kioo alicheka mpaka akakaa chini. Nataja kicheko hicho kwa sababu waliokuja baadaye hawajawahi kukisikia.

Watu hudhani kutunza ndege isiyoruka ni kazi ya kufuta vumbi. Mzee wetu angewaambia kwamba ndege iliyosimama huchakaa haraka kuliko inayofanya kazi. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi aliziinua kwa jeki na kuzungusha magurudumu robo mzunguko, ili matairi yasilale upande mmoja yakapasuka. Alijua kila injini inavuja tone ngapi kwa siku, na chini ya kila moja aliweka karai lake, lenye alama yake, na ole wako uyabadilishe. Njiwa walipoatamia ndani ya mkia wa ndege ya mafunzo, shughuli ya kuihamisha iliahirishwa siku ishirini na mbili, na ofisini aliandika sababu kuwa ni "wapangaji".

Sheria yake maarufu kuliko zote ni ya viatu. Hakuna aliyepanda ndani ya ndege yoyote na viatu, awe mfagiaji au waziri. Siku moja jenerali mstaafu alivua buti mbele ya wapiga picha, na dole gumba likachungulia kwenye soksi. Mzee wetu akavua soksi zake zote mbili na kumpa, akatembea pekupeku siku nzima. Jenerali hakuzirudisha. Shemeji yetu, mke wa fundi, ambaye ni fundi cherehani na ndiye aliyeshona vifuniko vyote vya injini mnavyoviona, anasema zilikuwa soksi mpya na bado anazidai.

Mimi naye tulikuwa na ugomvi wetu wa kudumu. Aliniita Bwana Vibao. Niliwahi kuandika chini ya ndege moja ndogo ya mashambulizi kwamba ilikuwa "ndege jasiri". Alikuja ofisini akaniambia, kwa adabu zote, kwamba bati halina ujasiri, na kwamba aliyekuwa ndani yake huenda alikuwa analia. Nilikibadilisha kibao baada ya miezi minne, ili asione kwamba nimekubali. Mtoto wa shule alipomuuliza kama zile ndege ziliua watu, walimu walianza kukohoa. Yeye alichuchumaa, akamtazama mtoto machoni, akamjibu, "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo maana tunazitunza zisisahaulike." Hakupenda kuzisifia. Alizihudumia kama mtu anavyomhudumia mgonjwa wa nyumbani, bila kuuliza mgonjwa alikuwa mtu wa namna gani.

Sasa nifike nilipokuwa nazunguka.

Ndege kubwa kuliko zote banda zima ni ile ya kubebea askari, tunayoiita Bibi. Wakati wa vita vya mpakani ilipeleka vijana na kurudisha majeruhi, na mara nyingine ilirudi nyepesi. Ndani yake ukuta wa kulia una mabati kumi na manne yaliyopakwa rangi ya kijani. Safari zilikuwa ndefu, hakukuwa na dirisha wala cha kusoma, na vijana walikwaruza majina yao ukutani kwa misumari, kwa visu, kwa ncha za vifungo vya mikanda.

Miaka ishirini na mitano iliyopita, makumbusho yetu yalikuwa yanajiandaa kwa jubilei ya kwanza. Kila kitu kilitakiwa king'ae. Mnaofanya kazi karakana mnaujua utaratibu wetu wa kadi: fundi akikuta jambo lililo juu ya mamlaka yake, huandika swali nusu ya juu ya kadi, ofisi hujibu nusu ya chini na kutia saini, kisha kadi hurudi. Bila saini, hakuna kinachoguswa. Kioo aliandika hivi: "Bibi ana majina ukutani, ndani, upande wa kulia. Ni mengi. Tufanyeje? Naomba kamera nipige picha kabla." Kadi ilirudi siku hiyohiyo na jibu hili: "Hakuna muda wa picha. Piga msasa, paka rangi. Wageni hawaji kusoma makwaruzo."

Alipiga msasa kwa siku sita. Alikuwa Kioo, na hakuna mtu aliyeweza kulainisha bati kama yeye. Ukuta ulitoka laini kama sahani, ukapakwa kijani kipya, na siku ya jubilei watu walipiga makofi.

Siku kumi na tisa baadaye alikuja mama mmoja wa makamo, na binti yake, na barua iliyokunjwa hadi mikunjo ikawa matundu. Ilitoka kwa mwanawe aliyepanda Bibi na hakurudi, wala mwili wake haukurudi. Kijana alikuwa ameandika, "Mama, nimeliandika jina langu ukutani ndani ya ndege, upande wa kulia. Nikipotea, mimi niko hapo." Mama hakuwa na kaburi. Alikuwa ameomba ruhusa jeshini miaka na miaka ili aambiwe ndege ile iko wapi. Alivua viatu mlangoni, akapita akiupapasa ukuta kwa kiganja kutoka bati la kwanza mpaka la mwisho, kisha akarudi akiupapasa tena. Ulikuwa bado unanuka rangi.

Mkurugenzi wa wakati ule aliuliza, mbele ya mama, ni nani aliyepiga msasa humu ndani. Kioo alisogea mbele akasema, "Ni mimi, Mzee." Mama alimtazama, akamwambia, "Hukujua, mwanangu." Nadhani hilo ndilo lililommaliza. Angemtukana, labda Kioo angebaki Kioo.

Afisa wa maonyesho aliyeijibu ile kadi alikuwa amesimama hatua tatu nyuma yao, amebeba vipeperushi. Afisa huyo ni mimi.

Nilivaa miwani ya mbao. Nilisubiri aseme kwamba alikuwa na kadi, na alipokaa kimya nami nikafunga mdomo. Siku mbili baadaye mkurugenzi alitaka barua ya onyo kali, akanipa mimi niiandike, kwa kuwa nasifika kwa Kiswahili cha ofisini. Niliiandika. Nilitumia neno "uzembe" mara mbili. Fundi aliipokea, akatia saini kwamba ameipokea, na kesho yake asubuhi alinisalimia kama kawaida, akaniuliza hali ya mama yangu aliyekuwa amelazwa. Nimewahi kutukanwa hadharani na watu wenye vyeo, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumizwa na ile salamu.

Kwa barua hiyo alikaa miaka kumi na moja bila kupandishwa cheo. Wakuu wawili wa karakana waliletwa kutoka nje, na wote wawili yeye ndiye aliyewafundisha kazi. Hakuwahi kung'arisha tena kitu chochote. Alisafisha, alizuia kutu, alikaza ribiti zinazoshika mabati, lakini mng'ao aliwaachia wengine, na ukimuuliza anasema bega linamsumbua.

Jina la Tochi lilianza mwaka uliofuata. Alikuwa amegundua kwamba msumari ukikwaruza kwa nguvu hupita rangi ukaingia kwenye bati lenyewe, na kwamba msasa, hata wake, haukufika chini kote. Ukiilaza tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga ukaenda sambamba na bati, mkwaruzo mdogo kabisa hutupa kivuli. Tatizo ni kwamba juu yake palikuwa na rangi mpya. Akaomba aitoe kidogo kidogo, kwa pamba iliyozungushwa kwenye kijiti na dawa nyepesi, eneo la ganda la kiberiti kwa mara moja. Uongozi ulimruhusu kwa sharti moja, kwamba asitumie muda wa kazi. Ndipo zilipoanza zile Ijumaa zake. Saa tisa, wenzake wakitoka, yeye huvua viatu na kupanda ndani ya Bibi, akatoka saa moja. Shemeji alishazoea kusema kwamba Ijumaa mume wake ameolewa na bibi mwingine.

Miaka ishirini na minne ya Ijumaa. Amemaliza mabati kumi na matatu. Amepata majina ishirini na matatu kamili na vipande vya mengine kumi na saba, yote yamenakiliwa katika daftari lenye mistari, kila mkwaruzo kwa urefu wake na kina chake. Familia tisa zimekuja kwa sababu ya daftari hilo. Mmoja wa waliokuja alikuwa mwenye jina mwenyewe, mzima wa afya, mwenye wajukuu, aliyekuja kuona ujinga alioufanya akiwa kijana. Alicheka sana, kisha akaomba aachwe peke yake humo ndani. Makumbusho makubwa kuliko yetu yamewatuma mafundi wao kujifunza njia hii ya tochi na pamba. Haya ndiyo mafanikio yake, na kibao chake sijawahi kukiandika.

Jina la yule kijana halijapatikana.

Mama alikuwa akija kila mwaka, mwezi ule mwanawe aliopanda ndege. Fundi alimwekea kigoda karibu na bati analolishughulikia, na Shemeji akakishonea mto. Mama alikaa akimwangalia anavyofanya kazi, wakizungumza mambo ya bei za sokoni na maumivu ya magoti. Alimwita mwanangu mpaka mwisho. Alifariki miaka sita iliyopita, wakati fundi yuko bati la kumi na moja. Fundi aliomba ruhusa ya siku tatu kwenda mazishini, na kwenye fomu, mahali pa kuandika uhusiano na marehemu, aliacha wazi. Tangu hapo binti ndiye anayekuja. Ni mwalimu, naye sasa ana mvi.

Miaka miwili iliyopita macho ya fundi yalianza kuingia ukungu. Daktari alimwambia la kulia halitarudi. Tangu hapo amekuwa akishika tochi kwa mazoea na kutafuta kwa ncha za vidole. Hivyo ndivyo alivyomaliza bati la kumi na tatu, polepole mno, na la kumi na nne hakuligusa. Alisema kwa macho haya anaweza kufuta bila kujua, na hawezi kufanya hivyo mara mbili.

Mwezi wa Aprili ilifika mezani kwangu karatasi ya jubilei ya miaka hamsini. Inasema Bibi apakwe rangi upya ndani, ukuta wote, awekewe viti na sauti ya injini inayotoka kwenye spika. Wapaka rangi waanze Jumatatu baada ya tarehe 30 Juni. Kilichobaki ni saini ya mkuu wa maonyesho, ambaye sasa ni mimi. Fundi aliisikia habari hiyo, kama wote mlivyoisikia. Hakuja kuniuliza.

Badala yake, mwezi uliopita, niliitwa karakana kupokea vifaa vyake kwa orodha. Alisoma kwa kukariri, maana orodha haioni tena: nyundo za mpira tatu, jeki nne, makarai kumi na tisa. Chini kabisa ya sanduku, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, kulikuwa na kadi. Niliutambua mwandiko wangu kabla ya kuisoma. Aliitunza robo karne. Angeweza kuitoa siku ile ile mbele ya mama, angeweza kuitoa alipoitiwa barua, angeweza kuitoa kila aliponyimwa cheo. Nilimuuliza kwa nini hakuitoa, na kama hakutaka kunidhuru, kwa nini hakuichana. Alijibu akitafuta kofia yake mezani kwa kupapasa. "Msasa niliushika mimi. Na maandishi ya asili hayatupwi, Bwana Vibao. Wewe ndiye uliyetuandikia sheria hiyo."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya banda, kwenye makopo ya rangi, mtu mzima na kitambulisho changu shingoni.

Kadi hiyo na nakala ya barua ya onyo nimezikabidhi kwa mkurugenzi wa sasa, pamoja na maelezo yangu ya kurasa mbili, na nimeomba onyo lifutwe katika jalada lake na liwekwe katika langu. Bado nina miaka miwili kazini. Litakaloamuliwa nitalipokea na kulitia saini kwamba nimelipokea, kama nilivyofundishwa.

Kabla karatasi hii haijaenda kuchapwa nilimpigia simu yule mwalimu, dada wa askari, kwa kuwa si haki asome habari hii ukumbini mbele ya watu. Nilimweleza yote. Kisha akauliza jambo moja tu, kama mama yake alikufa bila kujua. Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi sitakuambia nimekusamehe. Lakini lile bati moja lililobaki, utalimaliza wewe." Leo atakuwa safu ya tatu, kando ya Shemeji. Naomba asisumbuliwe kwa maswali.

Ijumaa iliyopita Mzee Tochi alinipandisha ndani ya Bibi. Nilivua viatu. Alinishika kifundo cha mkono akakirekebisha mara nne, maana nilikuwa naumulika ukuta kama mlinzi anayetafuta mwizi. "Usiumulike," alisema. "Ilaze tochi." Alinionyesha jinsi ya kuzungusha pamba, na wakati wa kuacha. Kuacha ndiko kugumu, alisema. Kisha akakaa kwenye kigoda cha mama, akafumba macho yake mabovu, akanisikiliza nikifanya kazi. Kwa saa mbili nilisafisha eneo la ganda moja la kiberiti. Hapakuwa na kitu.

Mzee Tochi, wafanyakazi wote wa makumbusho haya wanakushukuru. Wamekuchangia redio, kwa kuwa televisheni haitakufaa, na kiti chenye mgongo. Nenda nyumbani salama. Shemeji akupate Ijumaa nzima nzima, wajukuu wakuchoshe kwa raha, na vidole vyako vipumzike. Maisha yaliyobaki yawe mepesi kuliko haya uliyoyabeba kwa ajili yangu.

Nami nina deni la jibu. Uliniuliza kwenye kadi, "Bibi ana majina ukutani. Tufanyeje?" Jibu langu la kwanza unalijua. La pili nimeliandika juu ya ile karatasi ya jubilei, nikatia saini na tarehe, na nakala iko mlangoni mwa Bibi ili wapaka rangi waione: "Yaachwe. Bado tunatafuta."

Ijumaa ijayo saa tisa nitavua viatu.